Pembetatu za Mchangani

Shule yetu ya msingi pale Bagamoyo haikuwa mbali na bahari. Kusi likichacha, vumbi la chaki lilitupiga machoni kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali, na harufu ya dagaa waliokuwa wakianikwa ufukweni iliingia darasani bila hodi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na fedha za nchi nazo zimekwisha. Sukari, sabuni na mafuta ya taa vilipatikana kwa foleni kwenye duka la ushirika, tena kwa mwenye bahati. Basi la kwenda Dar es Salaam, safari ya kilomita 70 hivi, lilijikokota mchangani wakati wa kiangazi na kukwama topeni wakati wa masika. Abiria mzoefu hakupanda bila kufunga chakula cha njiani. Shuleni daftari moja lilikatwa katikati, likagawiwa watoto wawili, na kila mtu aliandika mpaka ndani ya jalada.

Mji wenyewe ulikuwa umezoea kuachwa. Wajerumani, waliokuwa wameufanya makao makuu ya koloni lao, walihamia Dar es Salaam mwaka 1891, na shughuli nyingi zikawafuata huko. Yakabaki majengo: Boma, forodha ya zamani, nyumba za mawe zenye milango ya nakshi. Kule Misheni, waliyoianzisha mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ulibaki mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Watoto tulizikariri tarehe hizi ili tuwaeleze wageni. Lakini kitu tulichokuwa nacho kwa wingi kuliko shule zote za Dar es Salaam hakikuwemo katika maelezo hayo: ufuko mpana, tambarare, unaofutwa na bahari mara mbili kwa siku bila kuhitaji dasta.

Aliyeligundua hilo ni mwalimu wetu wa hisabati. Alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977, na walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wao wenyewe tayari wanafundisha. Mjini walibezwa sana, na wengine walistahili. Huyu wetu aliujua udogo wa elimu yake na akaja na dawa yake: jambo asilokuwa na hakika nalo hakutuambia tulikariri. Alitaka tulijaribu kwa mikono, yeye akiwa mmoja wetu.

Tulipofika kwenye pembetatu, darasa zima lilikuwa na kipimapembe kimoja cha mbao, kile kikubwa cha ubaoni, nacho kilikuwa kimevunjika kuanzia nyuzi 120 kwenda juu. Akatuagiza tulete maboksi ya sabuni. Kwa uzi na kijiti tulichora duara kwenye karatasi ngumu, tukalikata, tukalikunja mara mbili kupata nyuzi 90, mara tatu kupata 45. Nyuzi 60 tulizipata kwa kulipima duara kwa uzi uleule uliolichora: urefu wa uzi ule unaingia mara sita kamili kuzunguka ukingo. Alama ndogo zilizobaki kila mtu alizigawa kwa jicho lake. Kisha kila mmoja akachora pembetatu aitakayo, akapima pembe zake tatu za ndani, akajumlisha.

Mwalimu aliandika majibu yote ubaoni bila kufuta hata moja: 176, 183, 181, 179, 194. Akatuuliza ni nani kasema kweli. Mtoto mmoja hodari wa hesabu za kichwa akasema tutafute wastani.

“Wastani utaniambia mmekosea kiasi gani,” mwalimu akajibu. “Hautaniambia kwa nini.”

Siku iliyofuata tulikuja na majani ya mgomba, kwa kuwa karatasi ya kuchana haikuwepo. Tulikata pembetatu kwenye jani, tukazichana kona zake tatu, tukazipanga nukta kwa nukta, ubavu kwa ubavu. Kila aliyepanga vizuri alipata ukingo ulionyooka. Pembetatu nyembamba, pembetatu nene, pembetatu iliyolala chali, zote zilitoa mstari. Nyuzi 180, basi. Tulishangilia. Mwalimu hakushangilia. Alisema majani hayo arobaini ni mashahidi arobaini tu, na pembetatu duniani hazina idadi. Je, ya arobaini na moja ikikataa?

Ndipo akatutoa nje, tukashuka ufukweni wakati maji yamekupwa. Mkokoteni wa kubebea samaki ulikuwa umepita muda si mrefu, umeacha alama mbili za magurudumu zilizonyooka juu ya mchanga mbichi.

“Mistari sambamba ndiyo hii,” alisema. “Ingekuwa inasogeleana, mkokoteni ungevunjika ekseli.”

Akachukua ufito. Kwenye alama iliyokuwa upande wa bahari alitia nukta moja. Kwenye ile ya upande wa minazi alitia nukta mbili, zimeachana. Akaziunganisha. Pembetatu ikakaa katikati ya alama mbili za gurudumu, kichwa kikigusa moja na miguu ikikanyaga nyingine. Akatuambia tuitazame nukta ya upande wa bahari. Imekaa juu ya mstari ulionyooka. Kushoto kwake kuna pembe, kulia kwake kuna pembe, na katikati iko pembe ya pembetatu yenyewe. Tatu hizo kwa pamoja ni mstari, yaani nyuzi 180, na hapo hakuna cha kubishana. Kisha akakata kipande cha jani kikaenea barabara kwenye pembe ya mguu wa kushoto. Akakigeuza nusu mzunguko, akakipandisha juu, akakiweka kushoto mwa ile nukta ya upande wa bahari. Kikaenea. Akafanya vivyo hivyo kwa mguu wa kulia. Ubavu wa pembetatu unaikata mistari yote miwili kwa mteremko uleule, kwa hiyo pembe inayobaki chini upande mmoja lazima iwe sawa na ile inayobaki juu upande wa pili. Pembe mbili za chini zilikuwa zimehamia juu, zikaungana na ya tatu, mstari ukakamilika.

Hakuwa amepima kitu chochote. Hakutaja upana wa mkokoteni wala kwamba nukta zile mbili zilikuwa mbali kiasi gani. Angeweza kuzitia popote na maneno yake yangebaki yaleyale. Kuanzia hapo zile 176 na 183 zetu za darasani zikawa makosa yenye ukubwa unaojulikana: pungufu 4, zaidi 3. Hata yule wa 194 tulijua amezidisha 14, tukakichunguza kipimapembe chake na kukuta duara lake lilikuwa limevutika upande mmoja.

Pembe ya nje ndiyo iliyotutoa jasho. Kitabu kilisema ukiurefusha upande mmoja wa pembetatu, pembe iliyo kati ya mrefusho huo na upande unaofuata ni pembe ya nje. Tuliisoma kwa sauti moja na hatukuelewa kitu. Mwenzetu mmoja, mtoto wa mvuvi, akasema kama ya ndani ni 60 basi ya nje ni 300, kwa sababu nje ni kote kusiko ndani. Ilikuwa hoja nzuri, na mwalimu hakuichekea. Alimkabidhi kasia, akamwambia aliegeshe begani, ncha ikielekea mbele, atembee juu ya pembetatu kubwa aliyoichora mchangani, hatua kumi kila upande, pande zote sawa. Akifika konani asigeuke kwanza. Apitilize hatua mbili tatu, tuone kasia linaelekea wapi, kisha arudi konani ndipo ageukie upande unaofuata.

Alianza akiwa ameelekea Unguja. Alipofika kona ya kwanza akapitiliza, akarudi, akageuka. Nyayo za kupitiliza zilibaki mchangani: ndio ule mrefusho wa kitabuni. Alipogeuka kona ya pili akatamka mwenyewe, “Mbona nageuka sana?” Kona ilikuwa kali, nyuzi 60 tu kwa ndani, lakini miguu yake ilikuwa ikizungushwa nyuzi 120. Kadiri kona inavyobana kwa ndani, ndivyo mtembeaji anavyolazimika kugeuka zaidi. Kwenye kona pana, ya nyuzi 150 kwa mfano, anageuka 30 tu na kuendelea na safari. Zile mbili daima hukamilishana kufikia 180, kwa kuwa zinakaa juu ya mstari mmoja: upande na mrefusho wake.

Alipomaliza kona ya tatu alikuwa ameelekea Unguja tena. Mwalimu akatuuliza: amegeuka kiasi gani kwa jumla? Mzunguko mmoja kamili, nyuzi 360. Tukamtembeza kwenye pembetatu nyingine, hii imepinda vibaya. Bado alimaliza akiitazama Unguja. Tukamchorea umbo la pande nne, kisha la pande tano. Yote yalimrudisha alikoelekea mwanzo baada ya mzunguko mmoja. Pembe za nje za umbo lolote lisilo na kona iliyobonyea ndani hujumlika kuwa 360, liwe na pande tatu au thelathini.

Na humo mlikuwa na uthibitisho wa pili, usiohitaji mkokoteni. Kona tatu, kila moja ina 180 kwa ndani na nje zikichanganywa, jumla 540. Ondoa 360 za nje. Zinabaki 180 za ndani. Nakumbuka tulivyorudia kutoa huku tukipandisha kuelekea minazini, maji yakianza kujaa na kuifuta kazi yetu nyuma.

Kanuni ya mwisho katika sura ile ilisema kwamba pembe ya nje ni sawa na jumla ya pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo. Kwa hesabu ni kutoa tu: pembe tatu za ndani ni 180, ya ndani na ya nje yake ni 180, basi ya nje lazima iwe sawa na zile mbili nyingine. Faida yake sikuiona mpaka niliposafiri na mjomba.

Mjomba wangu alikuwa amesoma chuo cha uvuvi cha Mbegani, kusini kidogo ya mji, kilichokuwa kikipata msaada wa Norwei. Alikuwa baharia wa mashua ya mashine, na juu ya ubao wa pembeni alikuwa amepigilia kibao chenye mistari miwili iliyochanjwa kwa kisu na misumari ya kulengea.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Kaa hapo, ulinde mistari hii.”

Tulikuwa tukitokea upande wa Kunduchi kwenda kaskazini, pwani ikiwa mkono wa kushoto. Mstari wa kwanza wa kibao ulikuwa umekaa nyuzi 30 kutoka uelekeo wa omo, wa pili nyuzi 60. Aliuonyesha mbuyu mmoja mkubwa uliosimama peke yake pwani, akaniambia niseme utakapoangukia kwenye mstari wa kwanza. Nikasema. Akatazama saa. Nahodha akaambiwa asipinde. Muda ukapita, mbuyu ukisogea nyuma taratibu, mpaka ukakaa kwenye mstari wa pili. Nikasema tena. Mjomba akatazama saa: nusu saa. Mashua ile ilikwenda maili tano za bahari kwa saa, kwa hiyo tulikuwa tumekwenda maili mbili na nusu.

“Basi na mbuyu ule uko maili mbili na nusu kutoka hapa,” akasema, na kuandika.

Niliuliza amejuaje bila kufika. Akachora kwa kidole kwenye ubao uliolowa. Pembetatu ina kona tatu: tulipoanza kuutazama mbuyu, tulipo sasa, na mbuyu wenyewe. Kona ya kwanza kwa ndani ni 30. Hapa tulipo, 60 ni pembe ya nje, kwa kuwa inapimwa kutoka mbele tunakoelekea, yaani kwenye mrefusho wa njia tuliyokuja nayo. Pembe ya nje ni jumla ya zile mbili za mbali. Kwa hiyo 60 ni 30 pamoja na pembe ya kule mbuyuni, nayo ya mbuyuni ni 30. Pembetatu yenye pembe mbili sawa ina pande mbili sawa. Njia tuliyokwenda ni sawa na umbali uliopo kati yetu na mti. Mabaharia wa nchi nyingi hutumia mbinu hii ya kuirudufu pembe, na 30 na 60 si lazima. 20 na 40 zingefaa vilevile. Masharti ni mawili: mwendo uujue na njia usiipinde. Mjomba aliongeza la tatu, kwamba mkondo wa maji usikudanganye.

Nyumbani kwake alikuwa na ramani ya bahari, imechakaa kwenye mikunjo. Jioni moja aliniruhusu niweke kipimapembe changu cha boksi la sabuni juu yake. Niliunganisha Bagamoyo, mji wa Unguja na bandari ya Dar es Salaam. Pembe ya Bagamoyo ilikaribia kabisa nyuzi 90: Unguja iko kaskazini mashariki yetu, Dar es Salaam kusini mashariki yetu. Kule Unguja zilikuwa kama 53, Dar es Salaam kama 37, na 53 na 37 ni 90, sawa na pembe yetu ya nje. Kwa mstari ulionyooka, Bagamoyo hadi Unguja ni kama kilomita 44, Bagamoyo hadi Dar es Salaam kama 59, na Dar es Salaam hadi Unguja kama 73. Gawanya kwa 15 uone: unakaribia 3, 4 na 5. Fundi mwashi yeyote anazijua namba hizo. Akitaka kona ya msingi wa nyumba iwe ya mraba, anapima futi 3 upande huu, 4 upande ule, na kamba ya kukatisha ikiwa 5, kona iko sawa. Pwani yetu imepigwa msingi huo kwa karibu sana, na hakuna fundi aliyeupiga.

Mambo mengine niliyajua ukubwani. Euclid wa Alexandria, kiasi cha mwaka 300 kabla ya Kristo, aliyaweka haya mawili katika kauli moja, ya 32 ya kitabu cha kwanza cha Elements, akianza na pembe ya nje na kumalizia na jumla ya zile tatu. Al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar aliitafsiri kazi hiyo kwa Kiarabu kule Baghdad, mwaka 800 au karibu na hapo. Nikajua pia kwamba 180 ni ya mahali tambarare. Dunia ni mviringo, na pembetatu kubwa juu yake huzidi. Ile yetu ya Bagamoyo, Unguja na Dar es Salaam inazidi kwa sekunde 6 au 7 hivi, sekunde moja ikiwa sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja. Boksi la sabuni lisingeweza kuliona hilo. Lakini alama za mkokoteni zinaeleza sababu: juu ya mpira, mistari iliyonyooka kabisa haiwezi kwenda sambamba moja kwa moja, na uthibitisho wa mwalimu ulisimama juu ya mistari hiyo.

Matumizi ya mwisho yalinijia kwa njia ya ugomvi. Barabara ilipotiwa lami, mashamba ya minazi na mikorosho kutoka Mapinga hadi Kiromo yakawa viwanja, na kila familia ikakumbuka mipaka yake. La kwetu lilikuwa la kona tatu, na karatasi ya upimaji ilionyesha nyuzi 70, 60 na 50. Upande ulioambaa njia ulikwenda kutoka kona ya 70 hadi kona ya 50, na bikoni ya kona hii ya mwisho ndiyo tuliyoishuku. Akaja mpima ardhi, akaweka mashine yake kona zote tatu mbele ya mwenyekiti na wazee. Akasoma 70, 57 na 53.

Mwenyekiti akajumlisha haraka, akatangaza kwamba 180 zimetimia, kwa hiyo hakuna kilichoibiwa. Ilibidi mpimaji aeleze polepole. Kutimia kwa 180 kunathibitisha kwamba yeye hakukosea kupima, basi. Bikoni ingehamishiwa popote, jumla ingebaki 180, maana hata pembetatu iliyomegwa ni pembetatu. Cha kutazama ni kona gani zimebadilika. Ile ya 70 haikubadilika, kwa hiyo bikoni imeteleza juu ya mstari uleule wa njia. Ile ya 60 imepungua 3, na ya bikoni imeongezeka 3, kwa hiyo imeteleza kuja ndani kwetu. Upande usiohusika na ugomvi ulikuwa mita 100. Kwa hesabu hiyo bikoni ilikuwa imesogea mita 8.

Vijana wakapima mita 8 kufuata njia, wakachimba. Zege la zamani lilikuwepo, futi moja chini ya majani. Jirani akasema pengine ni trekta lililokuwa likilima. Mwenyekiti alimtazama kwa muda, kisha akaandika katika kumbukumbu za kikao kwamba bikoni imerudishwa mahali pake, na aliyeihamisha ni trekta.